Afadhali ya Nani?

Katika msamiati wa mvutaji sigara, hakuna neno lifarijilo kuliko "afadhali". Avutaye sigara moja kwa siku humtazama jirani amalizaye pakiti nzima, kisha akajihesabu miongoni mwa watu wa kiasi. Neno lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, halisimami peke yake: sharti apatikane aliye mbaya zaidi. Na mwenye kulinganisha ndiye amchaguaye wa kulinganishwa naye. Ni nadra mno kumteua asiyevuta kabisa.

Mwaka wa 1954, mwanasaikolojia Mmarekani Leon Festinger alieleza kwamba binadamu akikosa kipimo thabiti cha kujitathmini, hujipima kwa wenzake. Kuhusu sigara, hata hivyo, kipimo kipo. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka wa 2018, ukijumlisha tafiti 141, ulidhihirisha kuwa mwanamume avutaye sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo inayomkabili avutaye 20. Hesabu ya jirani ingempa sehemu moja tu ya ishirini!

Lugha nayo haijanawa mikono. Ushauri wa "punguza" humrudishia mvutaji mizani ileile, safari hii akijilinganisha na alivyokuwa jana. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafsiri vijitabu vya afya hawana budi kulitafakari hili kabla ya kuandika "punguza" mahali panapostahili "acha".