Lile bati la ekzosi lisitupwe

Ndugu mwandishi, katika makala yako nyaya za magari umezieleza vizuri, ila huku Kwale maadui wake ni wawili: joto na chumvi. Hiace kuukuu za Ukunda–Likoni zina injini chini ya viti, upepo hauifikii vizuri, na foleni ya feri huzipika zikiwa zimesimama.

Kinachonikera ni lile bati jembamba la kukinga joto la ekzosi. Likianza kugongagonga, fundi hulitoa akalitupa, na mwenye gari hufurahia kimya. Ganda la plastiki la nyaya za kawaida huvumilia nyuzijoto 80 hadi 105 hivi, ilhali manifodi ya ekzosi huweza kupita 400! Ganda hukakamaa, hupasuka, kisha hewa ya bahari huingia na shaba ikageuka kijani. Si bati hilo lifungwe tu kwa boliti mpya?

Tepu nyeusi ya dukani usiitegemee hapo, gundi yake hulainika ikaachia. Vika nyaya mfuko wa nyuzi za kioo, uzifunge mbali na ekzosi. Na fyuzi ikiungua, usiweke ya ampea kubwa zaidi. Safari ijayo utaungua waya wenyewe.