Mwacheni mfalme "ale" ngome yake

Wadau wa chesi hapa chuo, leo nina hoja moja tu. Kwenye Chess960, aliyoitangaza Bobby Fischer mwaka 1996, kete za mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati nasibu. Mipangilio iko 960, ila mfalme lazima akae kati ya ngome zake mbili. Kaslingi bado ipo, na mfalme mweupe huishia g1 au c1 kama kawaida.

Sasa kompyuta inabanwa hapa: mfalme yuko f1, ngome iko h1, g1 iko wazi. Ukimpeleka mfalme g1, umesogea hatua moja au umefanya kaslingi? Haijulikani! Ndiyo maana Stockfish, ikicheza Chess960, huandika f1h1, yaani mfalme "anakula" ngome yake mwenyewe. Kula kete yako ni marufuku, kwa hiyo utata umekwisha.

Watu wanacheka, eti mfalme gani huyo? Mimi nasema hata chesi ya kawaida, ambako bado inaandikwa e1g1, ingefuata njia hiyo hiyo. Tendo moja, lugha mbili za nini? Jamani mnaoandika programu, mpangilio tuliouzoea ni mmoja tu kati ya 960. Mazoea siyo sheria.

Naomba kuwasilisha.