MASHINE IMELIA, DHAHABU IKO WAPI?

Ndugu wanachama na wanakijiji wote wa Mtendeni,

Jumapili iliyopita tulikusanyika wengi pale kwenye miembe ya njia ya zamani kuitazama hiyo mashine ya kutafutia madini, ditekta. Na mimi nilikuwepo. Nimeishika mwenyewe, nimevaa visikilizio masikioni, nimetembea nayo karibu saa nzima. Kwa hiyo asije mtu akasema Katibu anapinga kitu asichokijua.

Kwanza nitoe haki yake. Mashine si uchawi. Chini ina duara la waya, umeme wa betri ukipita humo unasukuma nguvu ya sumaku ardhini, na chuma au shaba au dhahabu ikiguswa na nguvu hiyo inajibu, basi masikioni panalia. Iliponilia mara ya kwanza nilishtuka kama mtoto. Tukachimba: msumari. Ikalia tena: kifuniko cha soda. Ikalia kwa nguvu, vijana wakashangilia, kumbe panga langu kiunoni. Mpaka jioni tulikuwa na misumari kumi na moja, kipande cha jembe, betri ya tochi, na sarafu moja ya shaba ya Mjerumani, heleri 20 ya mwaka 1916. Heleri 100 ndizo zilikuwa rupia moja. Mimi hesabu nimejifunzia ukubwani, darasa la jioni, lakini hiyo naiweza: watu arobaini, siku nzima, sehemu ya tano ya rupia.

Mgeni mwenye mashine anasema inaona mita kumi chini na inajua dhahabu na takataka. Haya, nikamwomba jaribio mbele ya watu. Nikafukia shilingi 200 kina cha dhiraa moja. Akapita mara mbili, kimya. Nikafukia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, juu juu tu. Ikalia, na namba ya kwenye kioo ikawa ileile aliyotuambia ni ya dhahabu! Eti ardhi yetu ina joto. Jamani, mashine ya namna hii sarafu huisikia shubiri moja, ikizidi sana mbili. Mita kumi ni maneno ya kuuzia.

Hadithi ya mali ya Mjerumani ina mzizi wa kweli, ndiyo maana inavuta watu. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walipiga hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke, kule Iramba. Zilikuwa 16,198, kila moja gramu 7 na kidogo. Zote pamoja hazifiki kilo 120, na ziliingia mikononi mwa watu. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 Wajerumani walikuwa wameshaondoka, na mizigo yao vichwani mwa wapagazi. Kama kuna sanduku lilifukiwa Mtendeni, waliolibeba ni babu zetu, nao wangalilifukua kabla ya mvua za mwaka uleule.

Sasa anataka chama kitoe shilingi laki sita, siku kumi za kukodi, tugawane nusu kwa nusu. Nusu ya nini? Ya misumari? Pesa ile ni ya mbolea, ni jasho la watu. Huyu ni kupe aliyevaa visikilizio.

Na hasara imeshaanza. Maksai wa mama mmoja mjane amevunjika mguu kwenye shimo lililoachwa wazi. Juzi wamechimba hadi penye makaburi. Vitalu vya tumbaku vimekauka kwa kukosa wa kumwagilia. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na madini nayo yana leseni zake. Tena vita ya 1916 ilipiganwa pande hizi. Mashine haijui kombora na sarafu, vyote huvililia, na kijana anakuja na sururu.

Vijana wangu, siwatukani. Najua malipo ya tumbaku yanachelewa na mfuko mtupu hausikii hotuba. Hilo leteni mkutanoni, nitakuwa upande wenu.

Lakini jambo moja nililiona na halikushangiliwa na mtu. Nilipopita nyuma ya ghala mashine ililia mfululizo, hatua thelathini, mstari mmoja. Ni bomba letu la zamani la chuma, ambalo hakuna tena anayejua lilipopita, na linavuja mahali fulani huko chini. Kwa kazi hiyo mimi nakubali tumlipe mgeni siku moja, bei ya siku moja, tupige mambo za alama mpaka kwenye tangi.

Mkutano ni Jumamosi saa 9 alasiri, ghalani. Waliochukua majembe ya chama wayarudishe kabla ya hapo, na mashimo yafukiwe.

Katibu wa Tawi