Mtaro Si Jaa

Mvua ya masika ikipiga Ruiru, simama kando ya mtaro wowote wa Kihunguro au Kimbo utazame. Maji ya kwanza hupita meusi: oili chafu ya gereji, kinyesi cha vyoo vilivyofurika, chupa za plastiki, nepi. Hakuna kinachoyachuja. Yote yanamwagika mtoni.

Msiisingizie mvua. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa, na udongo ule mwekundu uliinywa mvua na kuichuja polepole. Leo tumeufunika kwa lami, saruji na kabro. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 katika mji jirani wa Thika. Maji yasiyopata pa kuzama hukimbia, na yakikimbia huzoa kila tulichotupa.

Uchafu wa Ruiru huingia mto Athi, ukashuka maporomoko ya Fourteen Falls hadi mto Sabaki kule Malindi. Wa Thika huchukuliwa na Chania na mto Thika hadi bwawa la Masinga. Njiani kote huko kuna watu wanaochota maji hayo wanywe.

Mwenye jukumu anajulikana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti mifumo ya maji ya mvua mijini. Kaunti yetu ya Kiambu isituambie kwamba kuzibua mitaro kunatosha: mtaro uliozibuliwa hufikisha uchafu mtoni upesi zaidi!

Tunataka hivi. Ramani ya ploti isipitishwe bila tangi la kuvuna maji ya paa na sehemu ya ardhi isiyosakafiwa. Kila gereji na mahali pa kuoshea magari pawe na shimo la kunasa mafuta. Takataka zizolewe kabla ya masika na kabla ya vuli. Mitaro mikubwa iishie kwenye vidimbwi vya matete, tope litue humo kwanza. Kingo za mito zirudishiwe miti, na wa kwanza kuhamishwa kingoni wawe wenye maghorofa, si wenye vibanda. Na landilodi anayengoja mvua inyeshe ili afungulie choo mtaroni apelekwe kortini, maana anawagawia wenzake kipindupindu.

Vikao vya maoni ya bajeti vikiitishwa, twendeni. Tuulize wadi kwa wadi: fungu la maji ya mvua liko wapi? Mwakilishi wa wadi (MCA) asiye na jibu asipate kura yetu 2027.