Samaki wa Mweru Wasipoteze Jina Lao Njiani

Darasa la kuonja mvinyo wa Hispania hufanyika mezani. Watu wachache huketi na mwalimu anayeijua mikoa ya mizabibu, na mbele ya kila mmoja huwekwa glasi nne zenye funda moja moja. Ya kwanza imetoka Rías Baixas, pembe ya kaskazini-magharibi inayopata mvua nyingi za bahari ya Atlantiki, na mvinyo wake mweupe una ukali mwepesi kama wa limau. Ya pili ni ya Rioja, mwekundu uliolazwa katika mapipa ya mwaloni. Ya tatu ni ya Priorat, ambako mizabibu imeng'ang'ania miteremko ya mawe meusi yanayomeguka kama vigae. Ya mwisho ni ya Jerez, kusini kabisa, penye udongo mweupe wa chokaa unaokunywa maji ya mvua na kuyaweka akiba ya kiangazi. Swali la mwalimu ni lile lile kila mara: unaonja nini, na ladha hiyo imetoka wapi? Darasa likiisha, mwanafunzi ameondoka na ramani ya nchi ulimini mwake, na siku akiingia dukani atatafuta jina la mahali kabla hajatazama bei. Hoja yangu ni kwamba somo hilo, likitolewa bila mvinyo, linahitajika sana Nchelenge na katika mwambao mzima wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, ambako samaki wenye asili yao na ladha yao husafirishwa kwa magunia na kufika sokoni bila jina la walikotoka.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Hispania ili alielewe jambo hili, kwa kuwa analitenda kila aendapo sokoni. Nchini Tanzania mnunuzi hasemi tu kwamba anataka dagaa. Husema dagaa wa Kigoma, au dagaa wa Mwanza, na muuzaji hujua papo hapo ni samaki gani, wa ziwa gani, na wa bei gani. Dagaa wa Kigoma ni wa Ziwa Tanganyika, na mpishi yu tayari kuwalipia zaidi kwa sababu ya umbo lao na ladha yao. Wa Mwanza ni wa Ziwa Viktoria, ni jamii nyingine kabisa ya samaki, nao wana mapishi yao na wateja wao. Hakuna sheria iliyomfundisha mama wa Dar es Salaam au wa Dodoma tofauti hiyo. Imefundishwa na ulimi, mwaka baada ya mwaka, hadi jina la mji likawa sehemu ya bei. Kigoma imepata bila baraza wala muhuri kile ambacho Rioja imekijenga kwa sheria.

Mweru haijakipata, ingawa ina kila sababu ya kukipata. Katika fuko za Kashikishi, jirani na mji wa Nchelenge, wavuvi hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, kwa kuwa chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili, hufuata mwanga, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu juu yao. Asubuhi samaki huanikwa juani. Yuko pia samaki ambaye kwa Kibemba huitwa "pale", jamii ya perege, anayeuzwa akiwa mbichi, mkavu au wa moshi. Wanasayansi waliwapa samaki hawa wawili jina la ziwa lenyewe: chisense mmoja aliitwa moeruensis mwaka 1948, na huyo perege akaitwa mweruensis mwaka 1983. Vitabu vya elimu ya samaki, basi, vinatamka kwamba viumbe hawa ni wa Mweru. Lakini magunia yakishapita Mansa kuelekea miji ya Ukanda wa Shaba, au yakishavuka kwenda Lubumbashi, huchanganywa na dagaa wa kila ziwa na kupimwa kwa kopo moja. Maktaba inamjua samaki kwa jina la kwao, na soko limelisahau jina hilo.

Hispania haikupata majina yake kwa bahati. Baraza la usimamizi la Rioja lilianza katika miaka ya 1920, baada ya wakulima na wenye viwanda kuchoshwa na wafanyabiashara waliobandika jina la Rioja kwenye mvinyo wa kwingine. Sheria ya mvinyo ya mwaka 1933 ikapanua utaratibu huo, na Jerez ikawa miongoni mwa majina ya kwanza kulindwa. Yafaa kutazama kwa makini kazi ya mabaraza hayo. Kwanza, huchora mpaka: shamba hili limo, lile halimo. Pili, huweka kikomo cha mavuno. Rioja mkulima wa zabibu nyekundu haruhusiwi kuvuna zaidi ya kilo 6,500 kwa hekta na bado akalitumia jina hilo. Tatu, huonja. Mvinyo hupita mbele ya jopo la waonjaji kabla ya kupewa muhuri wenye namba nyuma ya chupa. Jina la mahali, kwa hiyo, ni ahadi yenye mpaka, kikomo na mashahidi. Darasa la kuonja ni hatua ya mwisho ya kazi hiyo, pale ahadi inapomfikia mnunuzi na yeye mwenyewe kupewa uwezo wa kuipima.

Wapo watakaosema kwamba mfano huu haufai kwa kuwa umetoka kwenye pombe, na pombe ni haramu kwa wasomaji wengi wa gazeti hili na ni balaa katika nyumba nyingi ziwe za Kiislamu au za Kikristo. Hoja hiyo ina uzito, nami siombi glasi hata moja ipelekwe Nchelenge. Ninachoomba ni utaratibu, na Hispania yenyewe imeuhamishia kwenye samaki. Katika mkoa wa Cádiz, ule ule wa Jerez, umo mji wa wavuvi uitwao Barbate. Huko jodari hutiwa chumvi, hukaushwa kwa upepo, huitwa mojama, na jina "Mojama de Barbate" linalindwa katika Umoja wa Ulaya kama linavyolindwa jina la mvinyo. Kome wa Galicia, ambako Rías Baixas ipo, nao wana jina lao lililosajiliwa. Watu wa pwani yetu wakimwona jodari huyo watamwita ng'onda bila kusita. Ikiwa ng'onda wa Barbate anaweza kuwekwa mezani, akaelezwa bahari yake, upepo wake na chumvi yake, na akalipiwa kwa heshima hiyo, sioni kinachomzuia chisense wa Kashikishi.

Pingamizi la pili limo katika methali yetu wenyewe: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama samaki wa Mweru ni wazuri, watu watawajua tu, ya nini madarasa na mihuri? Methali hii ni ya kweli pale muuzaji na mnunuzi wanapojuana, kijiji kimoja, gulio moja. Lakini Nchelenge iko mamia ya kilomita kutoka kwa mlaji wa Kitwe au Ndola, na katikati wamo wachuuzi ambao kila mmoja ana sababu ya kuchanganya. Chema kisicho na jina hakiwezi kujiuza, kwa kuwa anayekipenda hajui akiombe vipi mara ya pili. Na upande wa pili wa jambo umo katika methali nyingine: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mama aliyeanika chisense wake juu ya chanja safi na yule aliyewamwaga juu ya mchanga huuza katika gunia moja kwa bei moja. Mpishi anayeosha dagaa mara tatu na bado akatafuna mchanga hamlaumu aliyeanika. Hulaumu dagaa wote. Penye jina na kipimo, wa chanja hupata malipo ya usafi wake, na wa mchanga hupata sababu ya kujenga chanja. Kwa kuwa wengi wanaokausha na kuuza chisense ni wanawake, jambo hili linawahusu wao kwanza.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Ziwa limevuliwa mno, na jina zuri litaongeza walaji, na walaji wataongeza nyavu. Anayesema hivi ana historia upande wake. Mweru na Mto Luapula viliwahi kuwa na samaki mashuhuri aitwaye mpumbu, aliyepanda mto kila msimu wa mvua kwenda kutaga mayai. Miji ya migodi ya Katanga, nchini Kongo, ilipokua, wafanyabiashara Wagiriki walioweka makao Kasenga walinunua samaki wa Luapula kwa wingi, na mpumbu akategwa katika safari yake ya uzazi, mayai yake yakiwa bidhaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi huo ulikuwa umeanguka, na haujarudi ulivyokuwa. Mpumbu alikuwa na jina na soko, akakosa kikomo. Ndiyo maana siutetei umaarufu mtupu. Kikomo cha kilo 6,500 cha Rioja hakitenganishwi na jina: anayevuna kupita kiasi hupoteza haki ya kulitumia. Mweru tayari ina mbegu ya utaratibu huo. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi ziwani ili samaki wazaane. Leo mvuvi anayetii hupata njaa ya miezi mitatu, na anayevunja amri akiponyoka huuza kwa bei ya juu. Laiti samaki aliyevuliwa kwa nyavu halali na katika msimu halali angekuwa na muhuri wake, utii ungekuwa na malipo. Askari wa doria peke yake hawezi kulilinda ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000, lakini mnunuzi anayeuliza muhuri yuko katika kila soko.

Hatimaye kuna swali la mwenye jina. Mweru ni ya nchi mbili, na ng'ambo, upande wa Kongo, jamii zile zile za samaki huvuliwa na watu ambao lugha yao ya biashara ni Kiswahili. Tunajua jirani wawili wakigombea jina moja inakuwaje: India iliomba peke yake ulinzi wa jina Basmati katika Ulaya mwaka 2018, Pakistan ikapinga, na mchele ukageuka kesi. Lakini mpaka si kikwazo cha lazima. Jina Rioja linavuka mipaka ya majimbo matatu, La Rioja, nchi ya Wabaski na Navarra, chini ya baraza moja. Afrika nayo ina funzo lake. Majani ya rooibos ya Afrika Kusini yalipata ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya mwaka 2021, na kabla ya hapo, mwaka 2019, wenye viwanda walikubali kuwalipa Wakhoi na Wasan, walioyajua majani hayo kabla ya wote, asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Bonde la Luapula halihitaji kufundishwa kwamba maji yana wenyewe. Masimulizi yake yanamkumbuka Nachituti, ambaye mwanawe aliuawa na kaka yake Nkuba. Mfalme Mwata Kazembe alipomlipizia kisasi, mama huyo alimkabidhi kikapu cha udongo na chungu cha maji, ishara ya nchi na mabwawa yake. Watu waliohifadhi kumbukumbu ya namna hiyo kwa vizazi wanaweza kukaa na jirani zao wa ng'ambo wakakubaliana nani aandike neno Mweru juu ya gunia, na kwa masharti gani.

Kazi hii ianzie ulimini, kama inavyofanywa katika darasa la mvinyo, maana hakuna atakayelinda jina asilojua thamani yake. Kila mwishoni mwa Julai wageni kutoka pande zote za Zambia na Kongo hufika Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, kwa sherehe ya Mutomboko. Pawekwe meza hapo. Wapangwe chisense wa chanja na chisense wa mchanga, "pale" mkavu na "pale" wa moshi, na pembeni dagaa wa Tanganyika kwa kulinganisha, kila mmoja na tonge lake la ugali. Msemaji awe mvuvi au mama mkaushaji, na aeleze usiku wa giza, taa, jua na moshi, huku mgeni akionja na kujibu swali lile lile: unaonja nini, na kimetoka wapi? Halmashauri ya Nchelenge na Idara ya Uvuvi zianze na vyanja na kipimo cha usafi, ushirika wa wakaushaji uandike jina la ufuko na mwezi wa uvuvi juu ya kila gunia, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na usajili wa kisheria ufuate. Nawe msomaji, uwe Ndola, Lubumbashi au Mbeya, unaponunua dagaa kesho muulize muuzaji wametoka ziwa gani. Akishindwa kujibu, muulize tena wiki ijayo, hadi ajue kwamba jibu hilo ni sehemu ya bidhaa yake.