Anzhi Haikufa kwa Umaskini

Juni 2025 klabu ya Khimki, ya mji ulio pembezoni mwa Moscow, ilitangaza kwamba inafunga milango. Haikuwa imeshuka daraja. Ilimaliza msimu wa Ligi Kuu ya Urusi juu ya timu zote zilizopelekwa kwenye mchujo, ikanyimwa leseni ya msimu uliofuata kwa sababu ya madeni, na mambo yakaishia hapo. Wachezaji wakatawanyika, nafasi yake ikachukuliwa na timu iliyokuwa imeshindwa uwanjani, ratiba ikapangwa upya. Likafuata neno la kawaida la kufariji, kwamba soka ni biashara na biashara hufilisika. Neno hilo limechosha. FC Moscow ilikufa 2010, Saturn ikaifuata 2011, Alania Vladikavkaz, bingwa wa nchi mwaka 1995, ikajitoa ligini 2014, na mwaka 2018 peke yake uliondoka na Amkar Perm, Kuban Krasnodar na Tosno. Tosno ilinyanyua Kombe la Urusi mwezi Mei mwaka huo, Juni haikuimaliza. Jambo linalojirudia kwa sura ileile kwa miaka kumi na mitano halistahili kuitwa ajali. Soka la Urusi linaua klabu zake kwa sababu limekubali klabu ziwe mali ya mkoba mmoja, na anayetaka kuona mauaji hayo yanavyofanyika hatua kwa hatua aiangalie Anzhi ya Makhachkala.

Anzhi ilizaliwa 1991, Muungano wa Kisovieti ukivunjika, katika mji mkuu wa Dagestan ulio kando ya Bahari ya Kaspi. Watu husahau kwamba ilikuwa na maisha kabla ya tajiri. Msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, mwaka 2000, ilishika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Urusi, ikafungwa na Lokomotiv kwa mikwaju ya penalti. Vuli hiyo ilipangwa na Rangers ya Scotland katika Kombe la UEFA, na kwa hofu ya vita vya jirani Chechnya mechi mbili zikageuzwa kuwa moja, ikachezwa Warsaw. Anzhi ilipoteza kwa bao 1-0. Hiyo ilikuwa timu ya kawaida ya mji wa kawaida, yenye kupanda na kushuka kama nyingine.

Januari 2011 akaja Suleyman Kerimov, bilionea mzaliwa wa Derbent, Dagestan hiyohiyo. Mwezi uliofuata alitua Roberto Carlos. Agosti akafuata Samuel Eto'o, Mkameruni aliyekwisha kutwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Barcelona na Inter, kwa mshahara ambao vyombo vya habari vya Ulaya viliukadiria kuwa yuro milioni 20 kwa mwaka baada ya kodi, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote duniani wakati huo. Wakaongezeka Zhirkov kutoka Chelsea, Boussoufa, Christopher Samba, Lacina Traoré, Lassana Diarra, na Willian kutoka Shakhtar Donetsk kwa ada iliyotajwa kuwa yuro milioni 35. Kocha akawa Guus Hiddink. Msimu wa 2012/13 Anzhi ilimaliza ya tatu ligini, ikafika fainali ya kombe na kushindwa na CSKA kwa penalti, na katika Ligi ya Europa ikafika hatua ya 16 bora kabla ya kutolewa na Newcastle kwa bao la dakika za mwisho kabisa.

Hapo ndipo mtetezi wa matajiri husimama. Bila Kerimov, husema, nani angeijua Makhachkala? Timu ya mji maskini itapata wapi fedha za kupambana na Zenit inayobebwa na Gazprom? Ni kweli, umaarufu ulipatikana, na ni kweli ushindani katika ligi ile hauko sawa. Lakini hoja hiyo inapima klabu kwa kilele chake tu. Mwenye nyumba hapimi paa siku ya jua.

Tuangalie paa lenyewe. Wachezaji wa Anzhi hawakuishi Makhachkala. Waliishi na kufanya mazoezi karibu na Moscow, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwa mashabiki wao, na kila mechi ya nyumbani ilikuwa safari ya ndege: kutua, kucheza, kuondoka. UEFA kwa upande wake haikuruhusu mechi za Ulaya zichezwe Dagestan. Kwa hiyo usiku ule wa Novemba 2012 ambao ungekuwa fahari ya vizazi, Traoré alipomnyanyulia mpira kipa wa Liverpool mwishoni mwa kipindi cha kwanza na kuipa timu yake ushindi wa 1-0, bao hilo lilifungwa katika uwanja wa Lokomotiv, Moscow. Mtu wa Makhachkala asiye na nauli aliitazama timu ya nyumbani kwao kwenye televisheni kama alivyoitazama timu ya mbali. Usalama ulikuwa sababu ya haki, silipingi hilo. Ila ona kilichobaki: klabu ambayo wachezaji wake, mazoezi yake, usiku wake mkubwa na fedha zake vyote viko kwingine, na mji umebakiwa na jina na jezi tu.

Sasa njoo Agosti 2013. Mwishoni mwa Julai kampuni ya Uralkali, ambayo Kerimov alikuwa mwanahisa wake mkuu, ilikuwa imevunja ushirika wake na Belarus wa kuuza potashi, madini ya kutengenezea mbolea, na bei ya hisa zake ikaporomoka. Yapo mengine yaliyosemwa, pamoja na afya yake, lakini sababu yoyote utakayoichagua haihusiani na kandanda. Hiddink alikuwa ameondoka Julai, msimu ukiwa umeanza tu. Mrithi wake, René Meulensteen, alidumu siku 16. Kisha likaja tangazo kwamba bajeti inakatwa na nyota wote wanauzwa. Eto'o na Willian wakaenda Chelsea. Zhirkov, Denisov na Kokorin wakapelekwa Dynamo Moscow; Kokorin alikuwa amesajiliwa kutoka Dynamo hiyohiyo wiki chache kabla, akarudi bila kuichezea Anzhi mechi hata moja. Diarra na Boussoufa wakachukuliwa na Lokomotiv. Timu iliyokuwa ya tatu nchini ilishika mkia msimu huo na kushuka daraja.

Hakuna aliyeulizwa. Hakukuwa na mkutano wa wanachama, kwa sababu hakukuwa na wanachama wenye kura. Hakuna mahali ambapo shabiki wa Makhachkala angeweza kunyoosha mkono na kusema uza watatu, bakiza wanane. Na hilo halikuanza na Kerimov. Enzi ya Kisovieti klabu zilikuwa za idara: CSKA ya jeshi, Dynamo ya polisi na vyombo vya usalama, Lokomotiv ya reli, Torpedo ya kiwanda cha magari cha ZIL. Idara zilipoishiwa nguvu, nafasi zao zikajazwa na magavana, kampuni za serikali na mabilionea. Mwenye mkoba alibadilika, utaratibu ukabaki uleule. Mapato ya viingilio na haki za televisheni ni madogo mno kuendesha timu ya Ligi Kuu, hivyo klabu haimhitaji shabiki ili iishi, na asiyehitajika haulizwi siku ya kufa. Naona aibu kwamba jambo la wazi kiasi hiki bado linajibiwa kwa habari za kanuni za matumizi na sera ya usajili. Unaweza kubana mishahara upendavyo. Kama mtu mmoja anaweza kuamka na kuifunga klabu, umeshughulikia bei ya jeneza.

Wapo watakaonitajia FC Krasnodar. Sergey Galitsky aliianzisha 2008, akajenga akademi na uwanja uliofunguliwa 2016, akalea vijana kama Safonov, aliyekwenda Paris Saint-Germain, na 2025 akapata ubingwa wa kwanza. Galitsky anastahili sifa: aliweka fedha katika vitu visivyopanda ndege kurudi Moscow. Lakini hata hapo jibu ni hekima ya mtu mmoja, na hekima hairithiwi kwa hati.

Mwisho wa Anzhi ulichukua miaka mingine tisa, na ulikuwa wa fedheha. Ilipanda tena 2015. Mwishoni mwa 2016 Kerimov aliiuza. Mwaka 2018 ilipoteza mchujo kwa Yenisey, ikabaki Ligi Kuu kwa sababu tu Amkar ilikuwa imekufa. Yaani mgonjwa alilazwa kwenye kitanda cha marehemu. Mwaka uliofuata ilishuka, ikakosa leseni ya daraja la pili, ikatupwa la tatu. Mwaka 2022 ikakosa leseni kabisa, ikavunjwa.

Leo Ligi Kuu imerudi Dagestan. Dynamo Makhachkala, iliyoanzishwa 2021, ilipanda 2024 na inacheza Kaspiysk, katika uwanja ambao bado unaitwa Anzhi Arena. Shirikisho la soka la Urusi lina leseni mkononi, na leseni ndiyo silaha pekee inayoogopwa na wenye mikoba. Iandike humo kwamba mishahara ya msimu mzima iwekwe benki kabla ya mechi ya kwanza, na kwamba jina, nembo na uamuzi wa kuivunja klabu viwe chini ya kura ya mashabiki waliosajiliwa. Wanaojaza viti vya Kaspiysk nao walidai hilo sasa, wakati timu yao ingali Ligi Kuu.