Mafua ya Kizota na Dawa za Nusu Dozi

Upepo wa kiangazi unapopeperusha vumbi la Kizota, kikohozi na mafua huingia karibu kila nyumba. Wachache huenda zahanati. Wengi huchemsha tangawizi, hulamba asali, hununua panado, kisha huendelea na kazi. Katika hilo hatuoni kosa. Mafua huletwa na virusi, na kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Mapumziko, maji ya kutosha na asali hutosha (ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali). Hata mtoto anayeharisha huanza kuokolewa nyumbani, kwa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaheshimu dawa zitokazo ardhini, na katika sura hiyohiyo anataka tabibu apewe nafasi yake.

Nafasi hiyo ndiyo tunayoinyima. Mtu akishikwa na homa huomba mseto dukani bila kupima, ilhali Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na homa nyingi hapa zina chanzo kingine. Mwingine hununua kapsuli nne za amoksilini kwa ajili ya mafua, ugonjwa ambao antibaotiki haiutibu kabisa. Akipata nafuu, zilizobaki humpa jirani. Bakteria wanaonusurika na dawa za namna hiyo huwa sugu, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli, dawa ileile huenda isimsaidie.

Ni rahisi kulaumu ujinga. Sisi tunaona kwamba mfuko ndio unaoamua: foleni ya zahanati humgharimu kibarua siku nzima, na dozi kamili humshinda. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yalisogeza dawa karibu na watu, lakini hayakumpa mtu fedha ya kumaliza dozi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imelenga pengo hilo.

Wakati kadi ya bima haijafika kila kaya, jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kujiuliza jambo moja. Msiba ukitokea, mchango hukusanywa kabla ya jua kuchwa. Mgonjwa aliyenunua nusu dozi anaishi katika jumuiya hiyohiyo, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza nusu nyingine ni shilingi ngapi.